Siku Kumi na Tisa za Lifti Yetu

"Babu, lifti yetu ilikuwa na ugonjwa gani hata ikakuchukua siku kumi na tisa?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka tisa, nimekaa sakafuni chumbani kwake, daftari lake la kazi limelala wazi mapajani mwangu. Babu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akaivua tena. Halafu akaniuliza kama nimemaliza hesabu za shule.

Hapo hapo nikajua nimegusa penyewe. Babu, yaani baba yake mama yangu, alikuwa mtu wa majibu. Ukimuuliza kwa nini ndege haianguki, unakalishwa nusu saa, unachorewa mchoro, na mwisho unapewa jaribio uone kama umeelewa. Mtu wa namna hiyo hawezi kuanza kukuuliza habari za hesabu ila awe amebanwa pembeni.

Daftari lenyewe lilikuwa moja kati ya madaftari meusi ishirini na mawili yaliyopangwa juu ya kabati. Babu alikuwa mhandisi wa lifti. Alifunga na kutengeneza lifti katika nchi kumi na nne, hospitalini, hotelini, migodini, maofisini, na kila lifti aliyoigusa aliiandikia mstari mmoja: jengo, ugonjwa, dawa, siku. Ndivyo alivyoandika, "ugonjwa" na "dawa," utadhani daktari. Waya umeliwa na panya, siku moja. Breki imechakaa, siku mbili. Kuna lifti moja ilizamishwa na mafuriko mpaka samaki akakutwa ndani, na hiyo ilimchukua siku sita. Niliyapekua madaftari yote (nilikuwa na homa, sikwenda shule wiki nzima), na siku sita ndiyo ilikuwa rekodi.

Isipokuwa ukurasa wa nane wa daftari la kwanza kabisa. Jengo: letu, hili hili tunaloishi, Babu na Bibi ghorofa ya nne, mimi na Mama ya chini yao. Siku: kumi na tisa. Ugonjwa: "Unachunguzwa." Dawa: hakuna kitu.

"Babu, mpaka leo unachunguzwa?"

"Na wewe utachunguzwa sasa hivi. Rudisha daftari la watu."

Babu amefariki mwaka huu. Siku ya maziko watu walisimama mmoja baada ya mwingine kumwelezea. Walitaja nchi kumi na nne. Walitaja vyeti. Bwana mmoja mwenye tai alitaja idadi ya lifti zake, na akakosea. Hakuna aliyetaja siku kumi na tisa, na mimi naona ukiziruka hizo hujamwelezea Babu hata robo. Basi nazieleza mimi.

Jengo letu lina ghorofa nne na ngazi sitini na nane. Idadi naijua kwa miguu, maana lifti ilikufa mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Bibi alizaliwa humo humo. Baba yake alikuwa mtunza jengo, akapewa nyumba ya juu kabisa, jirani na mlango mdogo wa chuma wa chumba cha mitambo ya lifti. Ufunguo wa mlango huo ulining'inia kwenye msumari jikoni kwao. Babu alipofika mara ya kwanza alikuwa na miaka ishirini na sita, katoka masomoni juzi, kabeba sanduku la vifaa, kampuni imemtuma akatibu lifti iliyokwama. Aliingia akiwa na kazi. Siku kumi na tisa baadaye akatoka akiwa na mchumba.

Habari hiyo ukoo mzima uliijua, na kila mtu aliifasiri vilevile: Babu aliivuta kazi makusudi. Mjomba hakukosa kumtania mbele ya wageni. "Mzee, kazi ya siku moja uliilalia wiki tatu kwa sababu ya binti wa watu!" Babu anakunywa chai yake. Bibi anatazama dirishani, kama vile anayesemwa ni mke wa mtu mwingine.

Hata mimi niliamini hivyo. Kilichonisumbua ni daftari. Babu hakuwahi kuandika uongo katika daftari. Lifti aliyoiharibu mwenyewe kwa kusahau spana ndani ya mtambo aliiandika: "Ugonjwa: mimi." Sasa kama alikuwa anavuta siku, kwa nini asiandike?

Baada ya harusi walibaki ghorofa ile ile ya nne, na Babu akaanza kusafiri. Miezi mitatu huku, minne kule. Mama na Mjomba walikua wakimjua baba yao kwa sauti kwanza, sura baadaye. Lakini usije ukadhani alikuwa baba wa jina. Kila Ijumaa saa kumi na moja jioni, popote alipokuwa, alipiga simu, na hakuuliza habari za kijumla. Aliuliza vitu vinavyopimika. "Umekua sentimita ngapi?" "Jino linacheza au limetoka?" "Mlango wa jikoni unalia ukifungua au ukifunga?" Akirudi anapima mwenyewe kwa futi ya chuma, na ole wako kama ulijiongezea sentimita.

Zawadi zake zilikuwa balaa. Wenzake Mama waliletewa wanasesere. Mama, siku alipotimiza miaka saba, aliletewa pima maji, ile rula ya mafundi yenye kiputo cha hewa kinachoogelea ndani ya kioo. Alilia siku mbili. Siku ya tatu alianza kupita kwa majirani kuwaambia kuwa meza zao zimepinda. Mpaka leo Mama hawezi kuingia nyumbani kwa mtu bila kunyoosha picha ukutani.

Kazini nako Babu alikuwa na sheria yake. Lifti ikikamilika, kabla hajatia sahihi, alipanda peke yake na kuweka sakafuni glasi ya maji iliyojaa pomoni. Anakwenda hadi juu, anashuka hadi chini. Tone moja likimwagika, hatii sahihi. Mkubwa fulani anasubiri kukata utepe? Asubiri. "Maji hayamjui mkubwa," Babu alisema. "Yanamwaga siri ya yeyote."

Halafu kulikuwa na jambo ambalo Mama alilisimulia kama mkosi wa nyumba. Kila safari ya Babu ilipokaribia, kitu kiliharibika. Pasi. Kengele ya mlango. Redio, ambayo jana yake ilikuwa ikiimba bila wasiwasi. Bibi anakaa kando ya maiti ya redio, mikono mapajani, anasema kwa upole, "Sasa mume wangu, ndiyo unaniacha na hii hivi?" Babu anaahirisha safari siku mbili, anafungua, anafunga, redio inafufuka, Babu anaondoka. Mwaka mmoja pasipoti yake ilipotea siku tatu nzima, ikaja kupatikana ndani ya debe la unga. Bibi alisema ni panya.

"Panya gani anafungua debe, anaweka pasipoti, kisha anafunga?" nilimuuliza Mama.

"Panya wa zamani walikuwa na adabu," Mama akajibu, akaendelea kukunja nguo.

Mganga hajigangi. Lifti yetu ilipokufa, kampuni iliyoiunda ilikuwa imeshafungwa, mwenye jengo akasema ngazi zinajenga afya, na Babu alikuwa katika nchi ya kumi na mbili. Alipostaafu alisema, "Nitaishughulikia," na akaendelea kusema hivyo mwaka baada ya mwaka. Wapangaji walimsubiri kwenye ngazi wamchokoze. "Mhandisi, pole na kupanda! Lifti vipi?" Naye, huku anahema, "Iko njiani. Inakuja kwa miguu."

Mzaha uliisha mwaka nilipotimiza miaka kumi na miwili. Magoti ya Bibi yaligoma. Akawa anashuka mara moja kwa wiki, halafu mara moja kwa mwezi, halafu basi. Miezi saba hakukanyaga ardhi. Alikaa dirishani, ghorofa ya nne, akauendesha mtaa kwa sauti. "Wewe muuza mboga! Hicho kilichooza umekifunika na kizuri, nimekuona!" Sisi tulicheka. Mjomba hakucheka.

Mjomba, kaka yake Mama, tunamwita Meneja, hata watoto wake wanamwita hivyo. Ana nyumba ya chini, haina hata kizingiti. Ni mtu mwema, ila anapanga maisha ya watu kama anavyopanga viti ukumbini. Jumapili moja alipanda ngazi zote sitini na nane, akaketi, akarudisha pumzi, akatangaza.

"Jumamosi ijayo saa nne asubuhi nakuja na gari na vijana wanne. Mama anabebwa kwenye kiti mpaka chini, na huku harudi. Mnahamia kwangu nyote wawili. Nyumba hii arudishiwe mwenyewe."

"Nibebwe?" Bibi akasema. "Kama kabati?"

"Mama, ukizidiwa ghafla tutakushushaje hapa?"

   Bibi alizitazama kuta, moja moja. Alitazama ule msumari wa jikoni, ambao hauna ufunguo tena, umening'iniza kikapu cha vitunguu. Kisha akamgeukia Babu.

"Mzee," akasema, "mimi sitaki kutoka hapa."

Safari hii hakuvunja redio yoyote. Babu akaweka kikombe chini polepole.

"Jumamosi saa nne," akamwambia Meneja. "Basi nina siku sita. Ya mafuriko nayo nilitumia sita."

"Baba, una miaka sabini na miwili."

"Na lifti ina zaidi ya arobaini. Tutaelewana."

Jumatatu akapata barua ya ruhusa kutoka kwa mwenye jengo, mstari mmoja tu, wenye makosa mawili. Jumatatu hiyo hiyo akawaita wahandisi wawili aliowafundisha zamani, ambao sasa wana mvi na kampuni yao. Walikuja mbio kama wanafunzi waliochelewa. Mikono ya Babu ilikuwa imeanza kutetemeka, kwa hiyo hakushika spana. Aliketi kwenye kigoda ndani ya chumba cha mitambo, akaamrisha. Mama alichukua likizo akashika tochi, na kila kilichofungwa alikipima kwa pima maji lake la miaka saba. "Kimelala kushoto," anasema. Wale wahandisi wanatazamana. Babu anaona fahari mpaka masikio yanapanda.

Kufikia Alhamisi, kamba za chuma zilikuwa mpya, breki mpya, mlango umenyooshwa, mota imesafishwa mpaka inang'aa. Umebaki ubao wa umeme. Ulikuwa wa kizamani, umeangikwa ukutani, na katikati palikuwa na nafasi tatu tupu kama mapengo mdomoni. Fyuzi tatu za kauri zilichukuliwa na mtu asiyejulikana katika miaka ile ya kifo, na aina hiyo haitengenezwi tena.

"Tubadili ubao wote," akasema mhandisi wa kwanza. "Wiki sita unafika."

"Au kwa sasa tuunganishe waya mtupu," akasema wa pili, kwa sauti ndogo.

Babu alimtazama mpaka yule mtu mwenye mvi akaanza kukuna shingo. "Waya mtupu ni muuaji mwenye subira. Nilikufundisha hivyo mimi?"

Ijumaa Babu alizunguka kwa wauza vyuma chakavu tangu asubuhi. Alirudi saa kumi jioni, magoti yana vumbi, mikono mitupu. Alikaa mezani, akachukua kalamu, akamchorea Mama ile fyuzi ili kesho mapema ajaribu kwa muuzaji mmoja aliyebaki. Bibi alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, anashona kifungo kwenye shati. Lilikuwa shati la kuvaa siku ya kuhama. Hakuna aliyesema hivyo, ila sote tulijua.

Nikachungulia mchoro. Kidude cheupe, kinene katikati, kila upande kimevaa kofia ndogo ya shaba.

"Ah! Askari!" nikasema.

"Askari gani?" Babu akauliza.

"Askari wa Bibi! Si wako kwenye bati lake la kushonea, chini ya vifungo? Nilikuwa nawapanga gwaride nikiwa mdogo. Wako kumi na wanane."

Sindano ya Bibi ikasimama hewani.

"Kumi na wanane," Babu akasema. Alilisema jambo hilo taratibu, kama mtu anayeonja.

"Mtoto huyu," Bibi akasema, "mdomo wake hauna kizibo."

"Mama, umezitoa wapi hizo?" Mama akauliza.

"Niliokota."

"Fyuzi kumi na nane?"

"Nilikuwa msichana mdogo. Nilikuwa naokota sana."

Babu alianza kucheka bila sauti. Mabega yalitikisika, meza ikatikisika, glasi zikaanza kugongana. Akavua miwani, machozi yanamtoka. Mama alinitazama, nikamtazama, hakuna aliyeelewa kitu. Mimi nilidhani Bibi alizichukua kwenye sanduku la Babu baada ya ndoa, kama watu wanavyochukua kalamu za ofisini.

"Cheka," Bibi akamwambia. "Endelea kucheka. Kesho nikibebwa kama kabati tutajua nani wa kuchekwa." Lakini tayari alikuwa amefungua bati la biskuti, anaondoa vifungo, anachagua fyuzi tatu kwa makini kama anachagua mayai. Akazisukuma mezani kwa kidole kimoja. "Zirudi."

Jumamosi, tangu alfajiri, wale wahandisi wawili walipandisha na kushusha magunia ya mchanga. Lifti ilipanda na mchanga, ikashuka na mchanga, haikulalamika. Saa nne kasorobo nilimwona Meneja kutoka dirishani: gari, vijana wanne, na kiti cha mbao chenye mikono. Babu alikuwa amesimama mbele ya mlango wa lifti, amevaa koti lake la safari, na glasi ya maji mkononi imejaa mpaka mdomoni. Mkono wake ulitetemeka, lakini maji hayakumwagika. Sijui alifanyaje.

Akainama, akaiweka glasi sakafuni mwa lifti. Alipoinuka, Bibi alikuwa amesimama nyuma yake na mkongojo.

"Napanda," Bibi akasema.

"Safari ya kwanza napanda peke yangu. Unaijua sheria."

"Hiyo sheria ya nchi za watu. Hapa ni kwetu." Akaingia. "Sogea, unanibana."

Babu alituangalia mimi na Mama, akatafuta msaada, hakupata. Mlango ukafungwa. Sisi tulizishuka ngazi zote mbio, nikaruka tatu tatu, tukamkuta Meneja chini ameshika kiti chake, anauliza, "Hiyo kelele ni nini?" Kabla hatujamjibu mlango ukafunguka.

Bibi alikuwa amesimama wima. Babu kando yake, uso haueleweki. Katikati yao, sakafuni, glasi. Tupu.

Meneja alikulia ndani ya sheria ile. Akapiga kelele, "Baba! Yamemwagika yote! Haifai! Nilisema mimi!"

 Babu alimtazama Bibi. Bibi akapangusa midomo kwa ncha ya mtandio.

"Nilikuwa na kiu," akasema.

"Mama!"

"Miezi saba sijashuka. Roho imenikauka, ulitaka nife kwa kiu ndani ya lifti ya mume wangu?"

Basi ikabidi kipimo kirudiwe, maana Babu hata kwa mkewe hakuweza kutia sahihi bila maji. Glasi ikajazwa. Safari hii Bibi aliamriwa aweke mikono nyuma. Walipanda hadi ghorofa ya nne, wakashuka. Meneja mwenyewe alipiga magoti akapapasa sakafu kwa kiganja, pembe zote nne. Pakavu. Akabaki amepiga magoti pale pale kwa muda, anaitazama glasi iliyojaa, na alipoinuka sauti yake ilikuwa imepungua.

"Sasa hiki kiti nakipeleka wapi?" akauliza.

"Kiweke nje, kwenye jua," Bibi akasema. "Nina mazungumzo na muuza mboga."

Muuza mboga alifunga biashara mapema siku hiyo. Habari ya kuhama haikusemwa tena. Meneja alipanda lifti mara tatu, anasema anaikagua, na mara ya tatu nilimsikia akipiga mluzi mle ndani.

Katika daftari la ishirini na mbili Babu akaandika mstari wake wa mwisho. Jengo: letu. Ugonjwa: uzee. Dawa: askari watatu. Siku: sita. Mimi nikavuta daftari la kwanza, nikafungua ukurasa wa nane, nikamwekea mbele yake. "Unachunguzwa" ilikuwa bado inachunguzwa.

"Hilo nitakuambia," akasema, "siku utakapoweza kusikia jambo bila kukimbia kulitangaza."

"Hata sasa naweza!"

"Aliyetangaza askari nani?"



Ilipita miaka minne. Mwaka jana, nikiwa na miaka kumi na sita, Babu alikuwa amechoka, anatembea kidogo, anapumzika sana, lakini kila asubuhi alitaka tushuke pamoja kununua mkate. Asubuhi moja, kati ya ghorofa ya tatu na ya pili, akanyoosha kidole akabonyeza kitufe chekundu. Lifti ikasimama.

"Babu! Umefanya nini?"

"Hapa ndipo mahali pekee katika jengo hili ambapo bibi yako hasikii."

Kutoka juu kabisa ikaja sauti ya Bibi, inagonga kuta za lifti. "Nyie! Mmekwama?"

Babu akajaza kifua, akajibu kwa sauti kubwa, "Fyuzi!"

Juu pakawa kimya ghafla. Hakuuliza tena.

Babu akategemea ukuta, ameridhika. "Ulikuwa umeniuliza ugonjwa," akasema. "Swichi ya mlango, ghorofa ya pili. Niliitengeneza kwa saa moja, pamoja na kunawa mikono. Kesho yake naitwa, lifti imekufa. Naja, fyuzi moja haipo. Haikuungua, haipo. Naweka nyingine, naondoka. Kesho yake, haipo. Siku ya tatu nikaweka mpya, nikaipaka grisi niliyoichanganya na wino wa buluu. Siku ya nne binti wa mtunza jengo ananifungulia mlango, ananipa kikombe cha chai, ananiambia, 'Fundi, kumbe kazi huijui?' Na kidole gumba chake ni cha buluu mpaka kwenye kiungo."

"Bibi!" Nilishika mdomo kwa mikono miwili. "Na hukumwambia kitu?"

"Nimwambie nini? Chai ilikuwa nzuri."

"Lakini watu wote wanasema wewe ndiye uliyevuta kazi! Mjomba anakucheka miaka yote hiyo!"

"Acha anicheke. Ningemtaja mama yake?"

Nikakumbuka pasi, kengele, redio, pasipoti ndani ya unga. Nilifungua kinywa kuuliza, Babu akatikisa kichwa kukubali kabla sijamaliza. Kila safari aliahirisha siku mbili, akijua kabisa waya umelegezwa na kisu cha mezani.

"Sasa ile siku ya kumi na tisa ikawaje?" nikauliza. "Bibi alichoka?"

"Bibi yako? Achoke?" Babu akabonyeza kitufe, lifti ikaanza kushuka taratibu. "Siku ya kumi na tisa nilifungua sanduku langu la vifaa, nikakuta fyuzi zimeniishia. Ningefanyaje, mjukuu wangu? Nikapeleka posa."